Mara Moja Nyekundu, Mara Mbili Kijani

Mtu aliyenifundisha maana ya taa nyekundu hakuwahi kuiona. Nalisema mapema ili mbele ya safari nisionekane namsengenya. Kwa mambo mengine yote macho yake yalikuwa makali kupita kiasi: aliona nzi kwenye chai ya mtu aliyekaa meza ya tatu, aliona mwanafunzi anayebonyeza simu chini ya dawati, na aliona mimba ya dada wa mgahawani kabla mwenyewe hajawa na uhakika. Ila nyekundu na kijani kwake zilikuwa rangi moja, rangi ya udongo uliolowa, kama alivyokuja kunieleza baadaye. Na kazi yake, kwa miaka yote niliyomjua, ilikuwa kufundisha taa.

Tulimwita Mwalimu. Singida mjini ina walimu kila kona, lakini karibu na chuo chetu cha udereva jina hilo lilikuwa lake peke yake. Mimi nilikuwa karani wa chuo: nilikuwa naandikisha wanafunzi, nagonga mihuri, nachemsha chai na kufukuza kuku wa jirani darasani. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili, ua, na gari moja lenye herufi L mbele na nyuma, ambalo liliwaka siku likijisikia. Kuhusu alikozaliwa Mwalimu na ukoo wake sina la kusema. Niliwahi kumuuliza, akanijibu kwamba hayo ni maswali ya watu wanaoleta posa, na yeye tayari ana mke.

Ninachojua ni kwamba alitoka ziwani. Alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo huko Mwanza, kisha ghafla akaacha na kuja kuishi kwenye mji ambao maziwa yake mawili yana chumvi na meli haijawahi kutia mguu. Sababu alitueleza kama hadithi ya mtu mwingine. Kulikuwa na baharia mmoja mjinga, alisema, aliyetaka kupewa usukani. Nahodha akamwonyesha chombo kilicho mbali na kumuuliza, "Unaona nini pale?" Baharia akajibu, "Taa." "Ya rangi gani?" Baharia akafikiri sana, akasema, "Ya kung'aa." Darasa lilikuwa linacheka mpaka machozi, na Mwalimu alikuwa anacheka kuliko wote.

Somo lake la kwanza lilikuwa taa za meli. Hata uwe umekuja kutafuta leseni ya trekta, ulianza na meli. Fundi cherehani mmoja wa Mwankoko aliwahi kuinua mkono.

"Mwalimu, samahani. Mimi nataka kuendesha bajaji."

"Bajaji ina taa?"

"Inazo."

"Basi kaa chini, nahodha."

Halafu alikuwa anatutoa nje. Ua wetu ulikuwa ndio ziwa. Mwanafunzi mmoja alipewa makopo mawili, jekundu mkono wa kushoto na la kijani mkono wa kulia, na kopo jeupe alifungiwa mgongoni kwa kamba. Hiyo ilikuwa meli. Ya pili ilitengenezwa hivyo hivyo, na zote mbili zikaamriwa kutembea kwenye vumbi huku Mwalimu akipaza sauti.

"Ukiona nyekundu ya mwenzako upande wako wa kulia, wewe ndiye wa kupisha! Ukiona kijani yake, mwenye kupisha ni yeye! Ukiona nyeupe peke yake, anakuacha, hana habari na wewe! Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, anakujia usoni. Hapo acha kufikiri, kata kulia!"

Majirani walikuwa wanakuja na vigoda. Nakumbuka siku katekista mmoja mnene aligongana na muuza vitunguu, mama wa makamo mwenye sauti, kwa sababu wote wawili waliona aibu kumpisha mwenzake mbele za watu. Makopo yaliruka. Mwalimu akatangaza kwamba abiria mia mbili wamezama na kwamba katekista awaombee. Mama yule alikasirika, lakini kesho yake alikuja wa kwanza darasani.

Sikujiuliza kwa nini kopo jekundu tu lilikuwa na mkono wa kushikia na la kijani halina. Nilidhani ni makopo tu.

Somo la pili lilikuwa indiketa, na hapo alikuwa mkali kweli. Kila anayesafiri kwenye barabara zetu anajua desturi ya malori. Uko nyuma ya lori refu, huoni mbele, dereva wake anakuwashia indiketa ya kushoto: maana yake pita, njia ni nyeupe. Akiwasha ya kulia, maana yake tulia, kuna gari linakuja. Ni wema, na madereva wengi wanauamini kama wanavyomwamini mama mzazi. Mwalimu aliuchukia.

"Taa ni mdomo wako," alikuwa anasema. "Iseme habari zako: nakata kushoto, nakata kulia, nasimama. Habari za barabara si zako. Na wewe wa nyuma, umemjua lini huyo wa mbele mpaka umkabidhi roho yako? Labda anakata kulia kweli. Labda anakata kushoto kwenda kukojoa."

Maneno mazuri, kutoka kwa mtu asiyeweza kufunga mdomo kwa habari za wengine. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa ameshanieleza nani kaachwa, mchumba wa nani kaonekana Manyoni na mwanamke mwingine, na kwa nini mwenye chuo hasalimiani na shemeji yake. Siri ikiingia sikioni mwake ilitoka mdomoni kabla hajameza mate. Nilimwambia siku moja kwamba mdomo wake ungekuwa indiketa, ungekuwa unawaka pande zote mbili mchana kutwa. Akasema hiyo inaitwa taa ya hatari, na inaruhusiwa kisheria.

Mavazi yake nayo siku nyingine yalikuwa kituko. Alikuwa anavaa shati jekundu na suruali ya kijani, soksi moja ya hivi na nyingine ya vile, na tukamcheka tukidhani ni ubaharia. Mke wake, Mnyiramba mpole wa Iguguno, alikuwa akimpangia nguo kitandani kila asubuhi. Mke akisafiri kwenda kwao, Mwalimu alikuja kazini amevaa kama mtu aliyevalishwa na ugomvi.

Nilivyogundua ni hivi. Darasani tulikuwa na mataa ya mbao: ubao mrefu wenye mifuniko mitatu ya ndoo niliyoipaka rangi mwenyewe, nyekundu juu, njano katikati, kijani chini. Msimu wa upepo ubao ukaanguka, mifuniko ikang'oka, na Mwalimu akaigongelea upya kabla sijafika. Niliingia na birika la chai wakati somo limeshika kasi. Mwalimu alikuwa amesimama na fimbo, anagonga mfuniko wa juu.

"Hii ni nini?"

"Nyekundu!" darasa likaitikia.

"Inasema nini?"

"Simama!"

Mfuniko wa juu ulikuwa kijani kama mchicha. Watu wazima kumi na wawili, wote wenye macho, katekista akiwemo, walikuwa wanaitazama kijani na kuiita nyekundu kwa sauti moja, kwa sababu Mwalimu kasema, na mwalimu habishiwi. Walikuwa wameandika hivyo hivyo kwenye madaftari. Kijana wa bodaboda peke yake ndiye aliyenifuata dirishani baadaye na kuniuliza kwa sauti ya chini kama sheria imebadilika.

Nilimwambia Mwalimu jioni ile tukiwa wawili. Alichungulia mlangoni kwanza, akaufunga. Kisha akasema, "Sasa mnaojua ni watatu. Wewe, mke wangu na Mungu. Mungu simwogopi, yeye hasemi."

Sikusema. Niliibandika mifuniko upya, nikaigongelea misumari pembeni ili aitambue kwa kidole: msumari mmoja nyekundu, miwili kijani. Nikawa napanga chaki zake, na nikawa nachungulia makopo. Nilimpenda mzee yule, acha niseme wazi. Alinifundisha gari bila ada, jioni baada ya kazi, wakati nyumbani kwetu walikuwa wanasema mwanamke anayeshika usukani anatafuta laana. Nilijiona nafanya wema tu, kama dereva wa lori anayewasha indiketa ya kushoto.

Kisha barabara ya kwenda Mwankoko ikaanza kutengenezwa. Mkandarasi aliweka mtu wa bendera, mwenye bendera mbili: nyekundu ya kusimamisha magari, kijani ya kuyaruhusu. Mataa yana juu na chini, meli ina kushoto na kulia, na Mwalimu aliishi kwa mambo hayo miaka yote. Bendera inayopeperuka mkononi mwa mtu haina juu wala chini.

Siku hiyo mama muuza vitunguu ndiye aliyekuwa kwenye usukani, Mwalimu pembeni yake, mimi nimekaa nyuma na bahasha za kupeleka. Mtu wa bendera akainua nyekundu. Mama akaanza kupunguza mwendo.

"Twende, twende," Mwalimu akasema. "Kijani hiyo, usilaze gari."

Na mama akaenda. Aliiona nyekundu kwa macho yake mawili, akaongeza mafuta, kwa sababu Mwalimu kasema. Kwenye kona greda lilikuwa linarudi nyuma kuja kwetu. Nilipiga kelele, "Simama mama!" Akakanyaga breki kwa miguu yote, gari likazimika, na greda likasimama karibu kiasi kwamba niliweza kusoma maandishi madogo kwenye chuma chake. Dereva wa greda alishuka akijishika kichwa. Mtu wa bendera alikuja akitutukana kwa lugha mbili.

"Bendera yako imefubaa," Mwalimu akamwambia.

Njiani kurudi mama akasema taratibu, "Mwalimu, ile ilikuwa nyekundu."

"Najua. Nilikuwa nakupima."

Na mama akamshukuru! Mwalimu alicheka mpaka tukafika, lakini mkono wake haukuachia kishikio cha mlango. Mimi sikucheka. Usiku nilifumba macho nikaona watoto watano wa yule mama.

Haukupita muda, mwenye chuo akataka kila mwalimu wake alete cheti cha kupimwa macho. Mwalimu aliniita nyuma ya jengo, penye pipa la maji.

"Utakaa kwenye benchi. Ukiona kadi nyekundu unakohoa mara moja. Kijani, mara mbili."

"Na njano?"

"Njano naiona mwenyewe, mimi si kipofu."

"Mwalimu, wewe si ndiye unayesema mtu asiwashiwe taa na mwenzake?"

"Kikohozi si taa," akasema, kisha akanishika mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Mama, nina miaka sitini na kitu. Nikitolewa pale, mimi ni nani? Mzee wa soksi mbili tofauti."

Nikasema nitakohoa.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Ulikuwa msimu wa upepo na vumbi, na Singida nzima ilikuwa na kifua. Pa kusubiria na pa kupimia palitengwa na pazia, na pazia lilikuwa limeenda kufuliwa. Nilikaa kwenye benchi. Pembeni yangu alikaa mzee wa Mungaa aliyekuja kwa ajili ya kikohozi chake, na kwa haki kabisa alikuwa amekuja nacho.

Nesi akainua kadi nyekundu. Nikakohoa mara moja.

"Nyekundu," Mwalimu akasema kwa ufahari.

Akainua kijani. Nikakohoa mara mbili. Mzee wa Mungaa akakohoa mara nne, akapumzika, akaongeza moja. Niliona midomo ya Mwalimu inahesabu.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini, mzee? Kadi ni hii hii."

"Hiyo ni... kijani. Kijani sana. Na nyekundu kwa mbali."

Nesi akacheka. Akainua nyingine, mzee wa Mungaa akaipokea kabla yangu, mama mmoja mwenye mtoto naye akaunga, na Mwalimu akawa anataja rangi kama mtu anayeuza vitenge mnadani. Mwishowe nesi, mwanamke mwenye huruma, akamtoa mzee wa Mungaa nje apewe maji, na yule mwenye mtoto akamnyamazisha kwa jicho. Chumba kikatulia.

"Mzee, kelele zilikuchanganya," akasema. "Nakupa moja ya mwisho. Ukiipata, nakuandikia cheti chako uende."

Akainua kadi. Ilikuwa nyekundu.

Mwalimu hakuitazama. Aligeuza sikio upande wangu. Mara moja tu, kitu kidogo, hata mtoto anaweza. Nikamwona mama muuza vitunguu anaongeza mafuta. Nikaona chuma cha greda. Niliziba mdomo kwa upindo wa khanga, nikabana pumzi mpaka masikio yakavuma.

Alisubiri sana. Kisha akasema, polepole, "Kijani."

Aliondolewa kwenye gari wiki hiyo hiyo. Mwenye chuo alimwambia abaki kufundisha darasani tu, bila gari, akakataa. Alisema hawezi kuwa meli ya kuchorwa. Akahamia Iguguno kwa wakwe zake kulima. Lakini kabla ya kuondoka alizunguka mji mzima akisimulia kisa cha kupimwa macho, na kila mahali aliyeharibu alikuwa mzee wa Mungaa. Alimwigiza anavyokohoa, anavyopumzika, anavyoongeza moja. Watu walishika mbavu. Na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na nikirudi nyumbani nilijisikia mchafu.

Miaka imepita. Niliacha ukarani, leo naendesha lori dogo, nabeba mashudu ya alizeti. Napita Iguguno kila wiki. Tangu mwaka juzi nilikuwa namwona pembeni ya barabara, na meza ya nyanya. Nikimwona napiga honi mara mbili kwa furaha na kupita, kama mtu mwenye haraka. Nilikuwa na haraka kila wiki.

Mwezi uliopita nilikuwa nyuma ya lori la mahindi, linakwenda mwendo wa konokono, na dereva wake amewasha indiketa ya kushoto. Pita. Sikupita. Mafunzo ya Mwalimu yamekaa mwilini mwangu kama baridi yabisi. Magari nyuma yangu yalipiga honi, wengine wakanipita wakinionyesha vidole, na wallahi mbele hakukuwa na kitu, hata punda. Nilimeza vumbi na kumlaani mzee yule kilomita baada ya kilomita. Tulipofika Iguguno lori likasimama, na indiketa bado inawaka. Ilikuwa mbovu. Dereva alikuwa hajui hata kama inawaka.

Nami nikasimama, na niliposhuka nilikuwa mbele ya meza ya nyanya.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Leo honi imekufa?"

Alikuwa amekonda, shati bluu na suruali bluu. Mke wake kajifunza kununua rangi moja, alinieleza, ndoa imepona. Nikauliza anawezaje kuuza nyanya. Akachukua moja, akaibonyeza kwa dole gumba.

"Nyekundu ni laini," akasema. "Wateja wanalalamika nawaharibia. Nawaambia na wao wabonyeze, hakuna aliyekatazwa." Akaanza kunijazia mfuko, akiwa anabonyeza na kunieleza habari za Iguguno nzima, nani kaachwa na nani karudiwa. Nikaona nisipomkatiza nitaondoka tena.

"Mwalimu, yule mzee wa Mungaa hakuharibu kitu."

"Najua. Alikuwa nje anakunywa maji. Nilimsikia."

Yeye aliendelea kubonyeza nyanya.

"Nilikusikia na wewe," akasema. "Ulivyobana pumzi. Nilikulaani mwaka mzima, mke wangu akachoka, akasema kama ni laana zimeshafika, nipumzike. Halafu msimu mmoja greda likaja kutengeneza barabara yetu hapa. Likarudi nyuma pale, karibu na mti ule. Nikalitazama. Sikukulaani tena."

"Kwa nini basi ukamsingizia yule mzee mji mzima?"

"Ulitaka niseme wewe? Nani angemwandikisha mtoto wake kwa karani aliyemtosa mwalimu wake? Yule mzee alikuwa mgonjwa wa kifua tu, nimemfanya maarufu." Akanitazama kwa yale macho makali. "Ninyi mnadhani mdomo wangu hauna breki. Siri moja niliimeza, ilikuwa yako."

Nililia pale barabarani, mtu mzima, dereva wa lori, huku msaidizi wa lile lori la mahindi akinitazama. Mwalimu aliniacha nilie. Alipomaliza kujaza, alifungua mdomo wa mfuko, akausogeza chini ya pua yangu.

"Ziangalie. Nyekundu zote?"

Nikafuta macho, nikaangalia.

"Mbili ni kijani, Mwalimu."

Akaingiza mkono, nikamwelekeza, akazitoa moja moja na kuzirudisha mezani. Kisha akafunga mfuko na kunikabidhi.

"Umechelewa," akasema, "lakini umekohoa."